Magongo Yalipogeuka Kauli: Mashindano ya Stockholm ya 1969 na Lugha ya Waliofungwa Vinywa

Utangulizi

Usiku wa Machi 28, 1969, timu ya taifa ya Chekoslovakia iliishinda ile ya Muungano wa Kisovieti kwa mabao 4 kwa 3 katika mchezo wa magongo ya barafuni uliochezewa mjini Stockholm, Uswidi. Haikuwa fainali, wala ushindi huo haukuiletea Chekoslovakia kombe. Hata hivyo, kabla ya usiku huo kwisha, watu wanaokadiriwa kufikia nusu milioni walikuwa wamemiminika katika barabara za miji ya Chekoslovakia wakiimba na kukumbatiana. Siku 20 baadaye, Alexander Dubček, kiongozi aliyekuwa kipenzi cha umma huo, alikuwa ameondolewa katika wadhifa wake.

Matukio haya mawili yanahusianaje? Na yana uzito gani kwa mtu anayesomea lugha na fasihi? Makala haya yananuia kuyajibu maswali hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba mashindano ya Stockholm yaligeuka kuwa lugha ya watu waliokatazwa kusema, na kwamba lugha hiyo ilifuata kanuni za fumbo: ilisema bila kutamka, ikamwachia msikilizaji kazi ya kukamilisha maana. Nguvu yake ilitokana na sifa hiyo, na hatari yake vilevile.

Mchezo wenyewe

Msomaji aliyezoea mpira wa magongo unaochezewa kwenye nyasi atahitaji maelezo machache. Magongo ya barafuni huchezewa katika uwanja wa barafu wenye urefu wa takribani mita 60 na upana usiozidi mita 30, uliozungushiwa ukuta mfupi. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, akiwemo mlinda lango, na wote huvaa viatu vyenye makali ya chuma yanayowawezesha kuteleza kwa kasi. Kinachopigwa si mpira wa mviringo bali ni kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.62 na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20 kila kimoja. Anayevunja sheria hutolewa nje kwa dakika kadhaa, timu yake ikabaki pungufu.

Ubingwa wa Ulaya katika mchezo huu ulianza kushindaniwa mwaka wa 1910 huko Les Avants, Uswisi. Baadaye, mashindano ya dunia yalipoimarika, bingwa wa Ulaya akawa anapatikana kutokana na matokeo ya timu za bara hilo katika mashindano hayo hayo ya dunia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka wa 1969. Timu zilizoshiriki daraja la juu zilikuwa sita: Muungano wa Kisovieti, Uswidi, Chekoslovakia na Ufini kutoka Ulaya, pamoja na Kanada na Marekani. Kila timu ilikutana na kila nyingine mara mbili, yaani katika mkondo wa kwanza na wa pili. Mshindi wa mchezo alipata alama mbili, na waliotoka sare walipata alama moja kila mmoja. Mpangilio huu wa mikondo miwili una umuhimu katika yatakayofuata, kwani ulihakikisha kwamba Chekoslovakia na Muungano wa Kisovieti zingekabiliana si mara moja bali mara mbili.

Usuli: kutoka masika hadi vifaru

Mnamo Januari 1968, Dubček alichukua uongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Chekoslovakia na kuanzisha mageuzi yaliyokuja kujulikana kama Masika ya Prague. Jina hilo lilitokana na msimu wa majani kuchipua baada ya baridi kali. Udhibiti wa magazeti na vitabu ulilegezwa, kisha ukafutwa kisheria mwezi wa Juni. Watu wakaanza kuandika na kusema yale waliyoyanong'ona kwa miaka 20.

Masika hayo hayakudumu. Usiku wa Agosti 20 kuamkia 21, majeshi ya Muungano wa Kisovieti yakifuatana na ya Polandi, Hungaria na Bulgaria yaliivamia nchi hiyo. Raia zaidi ya 100 walipoteza maisha katika miezi iliyofuata. Dubček na wenzake walipelekwa Moscow, wakatia sahihi mkataba wa kuyarudisha nyuma mageuzi. Aliachwa madarakani kwa muda, lakini mikono yake ilikuwa imefungwa. Mnamo Januari 16, 1969, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeitwa Jan Palach alijitia moto katika uwanja wa Wenceslas jijini Prague, akilalamikia kurudi kwa udhibiti na kukata tamaa kwa umma. Alifariki siku tatu baadaye.

Mashindano ya 1969 yalikuwa yafanyike Prague kwenyewe. Baada ya uvamizi, Chekoslovakia ilijitoa katika uandalizi, nayo mashindano yakahamishiwa Stockholm.

Ikumbukwe pia kwamba mchezo huu ulikwisha kuwa na jeraha la kisiasa katika nchi hiyo. Chekoslovakia ilikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1947 na wa 1949. Mnamo Machi 1950, timu hiyo ilipokuwa tayari kusafiri kwenda London kutetea ubingwa wake, wachezaji walizuiliwa, wakakamatwa na polisi wa siri na baadaye kushtakiwa kwa uhaini. Mlinda lango Bohumil Modrý alihukumiwa kifungo cha miaka 15, na wafungwa kadhaa wa timu hiyo walipelekwa kufanya kazi katika migodi ya madini ya urani. Kwa hiyo, mchezaji aliyeivaa jezi ya taifa mwaka wa 1969 alijua kwamba serikali ilikuwa imewahi kuigeuza timu nzima ya mabingwa kuwa mahabusu.

Maneno yaliyokatazwa na maneno yaliyopambwa

Baada ya uvamizi, vita vya kwanza vilikuwa vya msamiati. Watawala waliyaita majeshi ya kigeni "msaada wa kindugu". Waliporejesha udhibiti, magazeti yalikatazwa kutumia neno lenye maana ya kukaliwa kwa mabavu na jeshi la kigeni. Hatimaye kipindi kizima kilichofuata kikapewa jina la "kurejesha hali ya kawaida". Mwanafunzi wa mtindo ataitambua hapa tasfida, lakini si ile ya adabu ambayo humstahi msikilizaji. Hii ni tasfida ya mamlaka, inayomnyang'anya msikilizaji jina la kitu anachokiona kwa macho yake.

Umma ulijibu kwa silaha iliyobaki, nayo ni mzaha. Miongoni mwa mizaha iliyosambaa sana ni ule wa mtu anayeulizwa kama Warusi ni ndugu zake au ni marafiki zake. Hujibu kwamba hakika ni ndugu, kwa maana rafiki mtu humchagua mwenyewe. Mzaha huu haulikatai neno la mtawala. Unalipokea neno "ndugu" jinsi lilivyo, kisha unaligeuza limchome aliyelileta. Hii ndiyo mbinu iliyopelekwa Stockholm, tofauti ikiwa kwamba huko ilitumiwa kwa magongo badala ya maneno.

Mkondo wa kwanza

Timu hizo zilikutana kwa mara ya kwanza Machi 21, 1969, katika uwanja wa Johanneshov. Timu ya Kisovieti ilikuwa imetwaa ubingwa wa dunia kila mwaka tangu 1963. Wakufunzi wake, Arkady Chernyshev na Anatoly Tarasov, walikuwa na kikosi kilichowajumuisha Anatoly Firsov, Vyacheslav Starshinov na kijana Valeri Kharlamov, ambaye alikuwa akishiriki mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza. Chekoslovakia, iliyofunzwa na Jaroslav Pitner na Vladimír Kostka, haikuwa timu dhaifu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Michezo ya Olimpiki ya Grenoble, iliwashinda Wasovieti 5 kwa 4. Hata hivyo, si wengi waliotarajia kwamba ingeweza kuwazuia wasifunge hata bao moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlinda lango Vladimír Dzurilla alizuia kila pigo, huku Jan Suchý na Josef Černý wakifunga bao moja moja. Chekoslovakia ikashinda 2 kwa 0.

Zaidi ya mabao, kulikuwa na ishara. Nembo ya taifa iliyokuwa kifuani mwa wachezaji ilikuwa na picha ya simba. Zamani simba huyo alivaa taji, lakini tangu 1960 taji liliondolewa na mahali pake pakawekwa nyota ya kikomunisti. Baadhi ya wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wameifunika nyota hiyo kwa utepe. Inasimuliwa pia kwamba nahodha Jozef Golonka aliligeuza gongo lake na kulishika kama bunduki mbele ya wapinzani. Mchezo ulipomalizika, Wachekoslovakia walikataa kuwapa wapinzani mkono, jambo ambalo ni desturi baada ya kila mchezo wa magongo ya barafuni.

Hakuna hata ishara moja kati ya hizi iliyohitaji maneno, na kila moja ilieleweka. Kipande cha utepe ni kitu kidogo, na mchezaji angeweza kudai kwamba jezi yake ilikuwa imechanika. Huo ndio ustadi wa fumbo: msemaji hubaki na mlango wa kutokea.

Mkondo wa pili na wito wa mitaani

Katika siku zile ulipata umaarufu wito mmoja wa Kicheki ambao unastahili kuangaliwa kwa jicho la mwanafunzi wa ushairi: *Vy nám tanky, my vám branky*. Maana yake ni "Nyinyi mmetupa vifaru, sisi tunawapa mabao". Wito huu una vipande viwili vyenye mizani minne kila kimoja. Kila neno katika kipande cha kwanza lina mwenzake wa kina katika cha pili: *vy* na *my*, *nám* na *vám*, *tanky* na *branky*. Hakuna kitenzi hata kimoja, na msikilizaji ndiye anayekitia. Aidha, neno *branka*, ambalo ni umoja wa *branky*, ni udogo wa neno lenye maana ya lango. Kwa hiyo, dhidi ya chombo cha chuma kinachovunja malango ya miji, wito unaweka kilango cha kuchezea. Ulinganisho huo wa kikubwa na kidogo ndio unaoubeba uchungu wote wa wito, pamoja na kejeli yake.

Mchezo wa pili, wa Machi 28, ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Wasovieti hawakuzuiliwa kufunga safari hii, lakini Chekoslovakia ilishinda tena, 4 kwa 3. Watu waliokuwa wameusikiliza redioni na kuutazama kwenye televisheni hawakubaki majumbani. Uwanja wa Wenceslas, ambapo Palach alijichoma wiki kumi awali, ulijaa watu. Katika miji kadhaa, ikiwemo Ústí nad Labem na Mladá Boleslav, hasira ilielekezwa kwenye majengo na magari ya jeshi la Kisovieti.

Jijini Prague, ofisi ya shirika la ndege la Kisovieti, Aeroflot, ilivunjwa vioo na vifaa vyake vikatupwa nje na kuteketezwa. Mbele ya ofisi hiyo palikuwa na rundo la mawe ya kutengenezea barabara. Tangu usiku ule pamekuwapo na shaka nzito kwamba mawe hayo yaliletwa makusudi kwa mpango wa polisi wa siri, ili kisingizio kilichohitajika kipatikane.

Hesabu ya mwisho

Kisingizio hicho kilitumiwa bila kuchelewa. Machi 31, Waziri wa Ulinzi wa Muungano wa Kisovieti, Andrei Grechko, alikuwa Chekoslovakia akidai hatua kali zichukuliwe. Udhibiti wa vyombo vya habari ukakazwa mwanzoni mwa Aprili. Mnamo Aprili 17, Gustáv Husák alichukua nafasi ya Dubček katika uongozi wa chama. Majeshi ya kigeni, ambayo yaliambiwa ni ya muda, yalibaki nchini humo hadi 1991.

Uwanjani nako hesabu ilikuwa ya ajabu. Siku ya mwisho ya mashindano, Machi 30, Chekoslovakia ilihitaji angalau sare dhidi ya Uswidi ili iwe bingwa. Ilifungwa 1 kwa 0. Timu tatu zikamaliza zikiwa na alama 16 kila moja, baada ya kila moja kushinda michezo minane na kupoteza miwili. Chekoslovakia ilikuwa imewashinda Wasovieti mara mbili, Wasovieti wamewashinda Waswidi mara mbili, nao Waswidi wamewashinda Wachekoslovakia mara mbili. Tofauti ya mabao ya mashindano yote ndiyo iliyoamua. Wasovieti walikuwa wamefunga 59 na kufungwa 23, wakapata dhahabu. Waswidi, 45 kwa 19, wakapata fedha. Chekoslovakia, 40 kwa 20, ikapata shaba.

Kwa kipimo cha nishani, basi, waliofungwa mara mbili na Chekoslovakia ndio waliotawazwa. Kwa kipimo cha siasa, ushindi wa Machi 28 uliharakisha anguko la wale walioushangilia. Mtu anaweza kuuliza kama ushindi huo ulikuwa na faida yoyote.

Fumbo na wafumbuaji wake

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hii husomwa aghalabu kama sifa kwa mwerevu. Tukio la Stockholm linadokeza usomaji wa pili ulio mchungu zaidi: mwerevu anayeligangua fumbo anaweza kuwa yule yule aliyefumbiwa ili asielewe.

Tuchukue matokeo yenyewe, "4 kwa 3". Mdhibiti wa magazeti anaweza kulifuta neno, lakini hawezi kuyafuta matokeo ya mchezo uliotazamwa na nchi nyingi. Alilazimika kuyaacha yatangazwe. Kwa nusu milioni ya watu, tarakimu hizo mbili zilibeba yote ambayo magazeti yalikatazwa kuyaandika tangu Agosti. Katika istilahi za fasihi simulizi, wachezaji walikuwa fanani, umma ulikuwa hadhira, lakini hadhira hii haikupokea maana kutoka kwa fanani. Iliiumba yenyewe, majumbani na mitaani.

Ila kauli isiyotamkwa haina pia anayeweza kuisahihisha. Kwa kuwa hakuna aliyesema kwa maneno kilichomaanishwa na furaha ya usiku ule, watawala waliweza kuieleza wapendavyo. Nao waliieleza kuwa ni uasi dhidi ya ujamaa, wakatenda kulingana na maelezo hayo. Umma ulilifumbua fumbo kwa njia moja, mamlaka yakalifumbua kwa nyingine, na mwenye vifaru ndiye ambaye fumbuo lake lilitekelezwa.

Kuna upande mwingine unaosahaulika. Wachezaji wa Kisovieti hawakuwaendesha askari waliovamia Prague. Ni kweli kwamba wengi wao walikuwa wa klabu ya jeshi, CSKA Moscow, lakini hata Chekoslovakia ilikuwa na wachezaji wa klabu ya jeshi, Dukla Jihlava, na Pitner mwenyewe alikuwa mkufunzi wake. Vijana hao wa Kisovieti walinyimwa mkono kwa ajili ya amri ambazo hawakuzitoa. Fumbo la Stockholm liliwageuza kuwa ishara, na ishara haina nafasi ya kujitetea. Hilo nalo ni sehemu ya gharama ya lugha ya namna hii.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mashindano ya Stockholm ya 1969 yalifanya kazi ya lugha kwa watu ambao msamiati wao ulikuwa umechukuliwa. Utepe juu ya nyota, gongo lililoshikwa kama bunduki, mkono ulionyimwa na wito wenye vina vitatu ni vipashio vya kauli moja. Kauli hiyo haikuyaondoa majeshi, na ilimgharimu Dubček muda mchache aliokuwa amebakisha. Lakini pia haikufutika. Mwaka wa 1972, mashindano yaliporudi Prague, Chekoslovakia ilitwaa ubingwa na kuukata mfululizo wa mataji tisa ya Wasovieti. Wadhibiti waliokuwa wakiyakagua magazeti hawakuwa na namna ya kuizuia nchi isikumbuke Stockholm.

Kwa watafiti wa fasihi, funzo ni kwamba uchunguzi wa fumbo usiishie kwenye tungo na misemo. Palipo na udhibiti, maana huhamia mahali ambapo mdhibiti hana kalamu: kwenye mavazi, kwenye ishara za mwili, kwenye matokeo ya mchezo. Mtafiti anapaswa kuuliza si tu fumbo lina maana gani, bali pia nani wengine wanalisoma, na wana uwezo gani wa kulitekelezea usomaji wao.

Mnamo Februari 1998, miaka mitano baada ya Chekoslovakia kugawanyika, timu ya Ucheki iliishinda Urusi 1 kwa 0 katika fainali ya Olimpiki huko Nagano, Japani. Mmoja wa wachezaji wake, Jaromír Jágr, alizaliwa mwaka wa 1972 na hakuyashuhudia ya Stockholm. Mgongoni alivaa namba 68, kwa kumbukumbu ya mwaka wa uvamizi. Wakati huo hapakuwa tena na mdhibiti wa kufichwa, na Jágr aliweza kuieleza maana ya namba yake waziwazi kwa yeyote aliyemuuliza.